Somo: Kuendesha ligi ya watoto ya hoki ya barafu, na nani mwenye neno la mwisho mtoto akiumia

Wazazi kadhaa wa Kiswahili hapa Minnesota, Marekani, wameniomba niandike haya. Watoto wetu wameingia kwenye hoki ya barafu, na sisi wenyewe hatukukulia kwenye barafu. Mimi kwetu Tanga. Nilianza kwa kumfunga mwanangu kamba za viatu, leo ni mratibu wa usalama wa ligi ya mtaani. Somo hili ni la anayetaka kuanzisha ligi au kuingia kwenye kamati yake.

Nianze na kilichonifanya niwe mkali. Msimu wangu wa pili, kijana wa miaka 11 alijigonga kichwa kwenye ukuta wa uwanja. Kocha alimuuliza kama yuko sawa, akaitikia ndiyo, na baada ya dakika mbili akarudishwa mchezoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua mlango wa benchi. Nilimwona akiangaza macho, hajui goli lao ni lipi. Sikusema kitu, maana sikujua kama nina haki ya kusema. Usiku ule alitapika, kisha akakosa shule wiki tatu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo ninaamini usalama wa ligi huamuliwa kabla msimu haujaanza, siku mnapokubaliana nani ana mamlaka ya kumtoa mtoto.

Hatua ya 1: Teueni mwenye neno la mwisho. Kila mechi awepo mtu mzima mmoja ambaye si kocha wala si mzazi wa mtoto wa timu zinazocheza. Akisema mtoto anatoka, anatoka, na siku hiyo hakuna rufaa. Andikeni hivyo kwenye kanuni, na wazazi wote watie saini. Kocha anataka kushinda, mzazi amelipa pesa nyingi, mtoto mwenyewe anatamani kucheza. Wote watatu wana sababu ya kusema "yuko sawa". Anahitajika wa nne asiye na sababu hiyo.

Hatua ya 2: Sajilini ligi. Marekani ni kupitia chama cha taifa cha hoki, USA Hockey; Kanada ni Hockey Canada. Usajili ndio unaowapa bima, kanuni na waamuzi waliofundishwa. Makocha na wasimamizi wote wachunguzwe rekodi zao na wapitie mafunzo ya kuwalinda watoto. Sheria ya Marekani ya 2018 inawataka watu wazima wa michezo ya vijana watoe taarifa ya unyanyasaji ndani ya saa 24, kwa hiyo msikae kikao kwanza. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, na simu zisitumike humo.

Hatua ya 3: Gaweni kwa umri, mpunguze uwanja. Uwanja kamili una urefu wa mita 61 hivi kwa upana wa 26. Mtoto wa miaka saba huko hupotea, atagusa paki (kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa fimbo) mara mbili mechi nzima. Walio na miaka 8 kushuka wacheze kwenye kipande cha uwanja, kutoka ukuta wa upande mmoja hadi wa pili badala ya urefu mzima, na watumie paki ya bluu ya gramu 113 badala ya ile nyeusi ya gramu 170 hivi. Timu kadhaa hufanya mazoezi kwa wakati mmoja, na gharama ya saa ya barafu mnagawana.

Hatua ya 4: Kagueni vifaa mtoto akiwa amevaa. Kofia ngumu iwe na alama ya ubora ya HECC yenye tarehe ambayo haijapita (Kanada alama ni CSA). Mtoto akitikisa kichwa, kofia isicheze. Wavu wa uso ufungwe, kamba ya kidevu ibane. Waambieni wazazi ukweli: kofia huzuia fuvu kupasuka, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Kinga ya shingo zamani hapa ilikuwa hiari. Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson, mzaliwa wa Minnesota, alikatwa shingoni na chuma cha kiatu cha kutelezea cha mpinzani katika mechi huko Sheffield, Uingereza, akafariki. Tangu Agosti 1, 2024, USA Hockey imeifanya kuwa lazima kwa walio chini ya miaka 18, mazoezini na kwenye mechi. Mtoto akiisahau nyumbani, haingii. Wekeni chache za akiba kwenye begi la timu ili asilie bure.

Hatua ya 5: Vikumbo, yaani kumgonga mpinzani kwa mwili ili kumnyang'anya paki. Hapa ndipo kamati hugombana zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary walilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, ambako vikumbo viliruhusiwa, na wa Quebec, ambako havikuruhusiwa. Hatari ya kuumia upande wa Alberta ilizidi mara tatu. USA Hockey ilivipiga marufuku kwenye mechi za umri huo mwaka 2011, na Kanada ikafuata 2013. Basi msimsikilize mzazi anayedai kuwa mtoto asiyepigwa kikumbo mapema atakuwa laini.

Kinachofundishwa mapema ni namna ya kufika ukutani. Mtoto akiinamisha kichwa, shingo hunyooka kama fimbo, na nguvu yote ya kugonga huingia kwenye uti wa mgongo. Akiinua kichwa na kutanguliza mkono au bega, mwili unaimeza. Zoezi hili lifanyike kila wiki, polepole, hadi liwe tabia. Na anayemkumba mwenzake kwa nyuma aadhibiwe bila huruma. Desemba 2011 hapa Minnesota, kijana wa sekondari Jack Jablonski alikumbwa kwa nyuma akapooza. Ndani ya wiki chache shule za jimbo ziliongeza adhabu kuwa dakika tano za kukaa nje moja kwa moja. Kwetu, mchezaji huyo anatoka mechi nzima.

Hatua ya 6: Ulizeni hewa. Wengi hawaijui hatua hii. Mashine ya kulainisha barafu ikitumia gesi au petroli hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, pamoja na sumu nyingine, naitrojeni dayoksaidi. Hewa baridi hukaa chini, kuta na vioo vinaizuia, na watoto wanahema kwa nguvu humo humo. Minnesota inataka viwanja vya ndani vipime hewa, na hatua zichukuliwe sumu ya kwanza ikizidi sehemu 20 kwa milioni, ya pili 0.3. Ombeni kuona daftari la vipimo. Watoto kadhaa wakilalamika kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msidhani wote wamejigonga: watoeni nje ya jengo kwanza, kisha pigeni simu ya dharura. Kikohozi na kifua kubana huweza kuja saa kadhaa baadaye, wakiwa tayari nyumbani.

Hatua ya 7: Mpango wa dharura ukutani. Anwani ya uwanja, mlango wa gari la wagonjwa, nani anapiga simu, nani anasimama nje kulielekeza. Mashine ya kushtua moyo iwe kando ya barafu, si ofisini kwenye kabati lililofungwa. Paki ikimpiga mtoto kifuani katika sekunde mbaya, moyo unaweza kusimama hata kama mtoto hana ugonjwa wowote, na kila dakika inahesabika. Aliyeumia shingo asisogezwe, wala asivuliwe kofia.

Hatua ya 8: Kurudi mchezoni. Anayeshukiwa kutikisika ubongo harudi siku hiyo. Apumzike siku moja au mbili bila kufungiwa gizani, kisha atembee, ateleze peke yake, afanye mazoezi yasiyo na mgusano. Kila ngazi ichukue angalau saa 24, na dalili zikizidi arudi ngazi ya nyuma. Mazoezi kamili na mechi ni baada ya kibali cha maandishi cha daktari, naye awe amerudi darasani kikamilifu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Minneapolis: Shikamoo kaka. Binti yangu ana miaka 9 na anavaa hijabu. Kocha anasema kofia haitakaa vizuri.

Marahaba, dada. Inakaa. Mnunulie hijabu ya michezo, nyembamba, inayobana, isiyo na pini hata moja. Muhimu ni apimwe kofia akiwa ameivaa, maana kofia iliyopimwa bila hijabu itambana au itapanda juu. Kinga ya shingo ivaliwe juu ya kitambaa na ikazwe. Mwambie kocha amkague kama anavyowakagua wengine.

Baba wa Winnipeg: Mwanangu anaingia umri wa vikumbo na ni mdogo kuliko wenzake wote. Nimtoe?

Usimtoe kabla hujauliza kama mjini kwenu kuna daraja lisilo na vikumbo, miji mingi ya Kanada inalo. Akitaka kubaki kwenye vikumbo, nenda mazoezini umtazame anavyofika ukutani. Kama bado anainamisha kichwa, hayuko tayari, hata angekuwa mkubwa kuliko wote.

Kijana wa Nairobi: Sisi tunafundisha watoto kwenye uwanja wa Panari, ambao ni mdogo sana, na vifaa vingi ni vya msaada. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu sana, na hongereni kwa Kenya kuingia shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024. Udogo wa uwanja kwa watoto si hasara: wachezesheni watatu kwa watatu, zamu fupi, paki nyepesi. Hatari yenu ni ukuta kuwa karibu kila upande, kwa hiyo hatua ya 5 ndiyo ya kwanza kwenu. Vifaa vya msaada, someni tarehe nyuma ya kila kofia. Iliyopita muda au yenye ufa ikatwe kamba kabisa, isije ikamrudia mtoto mwingine. Viatu vya mitumba havina neno, mradi vinolewe.

Mama wa Portland, Maine: Nani atakubali kazi ya kumtoa mtoto? Wazazi watamchukia.

Hapo mwanzo walinichukia, mama. Mzazi mmoja hakunisalimu msimu mzima. Tulichofanya ni kupokezana kwa zamu, wazazi wa timu moja wakisimamia mechi za timu nyingine, na kila mmoja anapewa kizibao cha njano ili mwamuzi amjue. Mwaka wa pili yule asiyenisalimu alikuja mwenyewe kuomba zamu.