Kurekodi gitaa la umeme kwenye chumba cha kupanga bila kumwamsha jirani

Nakaa chumba na sebule Nkuhungu, hapa Dodoma, nyumba ya wapangaji sita. Kuta zetu zinaishia kwenye dari, na juu ya dari ni wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Ukikohoa huku, "pole" inatokea kule. Ampu yangu ya wati 30 niliiwasha humo mara moja tu. Siku hizi imefunikwa kanga, na gitaa zote narekodi usiku kupitia kompyuta.

Unachohitaji: gitaa, kebo nzima, kadi ya sauti ya USB (kijisanduku kinachoingiza gitaa kwenye kompyuta), kompyuta na hedifoni za waya. Za Bluetooth weka kando, zinachelewesha sauti. Programu ya kurekodia natumia Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kabla ya kulipia.

Hatua ya 1: Chomeka kebo kwenye tundu la gitaa la kadi. Pikapu, yaani sumaku zenye koili chini ya nyuzi, hutoa umeme dhaifu, na tundu la kawaida la LINE huukaba mpaka gitaa linapoteza ung'avu. Tafuta palipoandikwa INST au Hi-Z, au penye picha ya gitaa. Hapo ukinzani ni megaomu 1 hivi. Kwenye kadi nyingi ni kitufe tu cha kubonyeza. Mimi nilirekodi mwezi mzima gitaa likitoka kama limefunikwa blanketi, nikabadilisha nyuzi, nikamlaumu fundi, kumbe ni kitufe hicho.

Hatua ya 2: Pima kiwango. Fungua volyumu ya gitaa mpaka mwisho, piga kodi kwa nguvu zako za jukwaani, siyo zile za kujaribu-jaribu. Kilele kicheze karibu na desibeli -12 kwenye mita ya programu. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kujaza mita. Ikigonga 0 sauti inapasuka, na hiyo haina dawa.

Hatua ya 3: Tuliza mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu za koili moja huunasa kama redio. Chomoa chaja, tumia betri, sogea mbali kidogo na kompyuta, kisha zungusha kiti taratibu kama tulivyokuwa tukizungusha antena ya televisheni. Kuna pembe moja mvumo unakaribia kufa. Kaa hapo hapo. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, ni kawaida. Nyuzi zikikutekenya, siyo kawaida: chomoa kila kitu, mwite fundi umeme aangalie ethi ya nyumba (waya wa ardhini).

Hatua ya 4: Punguza kuchelewa. Kwenye mipangilio ya programu weka bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata) sampuli 128, kwenye 48,000 hezi. Hiyo ni kama milisekunde 2.7 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kadi nayo inaongeza zake. Hata zikifika 10 usihofu: ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye ampu, na jukwaani tunasimama mbali kuliko hapo. Sauti ikikatakata, panda 256.

Hatua ya 5: Ampu, halafu kabati, yaani sanduku la spika. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapakua ampu ishirini za kompyuta na kusahau spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi mengi juu ya hezi 5,000 au 6,000, na ndiyo inayonyoa ule ukali. Ukiiruka, mkwaruzo unalia kama nyuki ndani ya kopo.

Kwa ampu natumia Neural Amp Modeler, programu ya bure inayoiga ampu. Baada yake naweka IR, yaani faili dogo la WAV lililonasa tabia ya kabati na maikrofoni iliyokuwa mbele yake. Chukua tatu tu, siyo thelathini. Maikrofoni ikiwa katikati ya koni sauti huwa kali. Ikisogea pembeni inakuwa na kiza kidogo. Ukiona unahangaika na ikwalaiza, badilisha IR kwanza. Mimi huishia kukata chini ya hezi 80 na kuongeza mwangwi kidogo.

Gaini, yaani kiasi cha mkwaruzo, weka chini ya unavyotamani. Napiga solo za dansi. Wasikilize Morogoro Jazz enzi za Mbaraka Mwinshehe, kila noti inasimama peke yake. Na hifadhi traki kavu, ile isiyo na ampu. Ampu utaibadilisha hata mwakani, mkono wako hauhitaji kurudia.

Hatua ya 6: Usiyaamini masikio ya saa sita usiku. Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi na ukali, kwa hiyo unaviongeza bila kujua. Usiku weka wimbo uliokwisha kutoka, kwa sauti sawa na wako, ulinganishe. Mchana sikiliza kwenye spika nyingine. Mimi nampelekea jamaa yangu wa bajaji pale Sabasaba. Spika yake ni mbovu na haina huruma. Solo niliyoipenda usiku, abiria wake alisema, "Suka, punguza, inachoma."

Hatua ya 7: Mguu. Hii sikuipata kwenye mwongozo wowote. Wiki ya pili ya kurekodi kimya kimya, mama wa chumba cha tatu alinigongea saa tano usiku, mtoto mgongoni. Nikaanza kujitetea kwamba ampu haijawashwa.

"Kaka, gitaa wala silisikii," akasema. "Ni huo mguu."

Nilikuwa nahesabu mapigo kwa kisigino, juu ya vigae, na kandambili. Sasa nakaa na soksi, na chini ya kiti kuna kipande cha godoro.