Tabia mpya ifunge kwenye kazi uliyokwisha izoea

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yetu ni ya kukaa toka asubuhi hadi jioni, mgongo umeinama, macho kwenye sindano. Akina mama wakija kupimwa wananiuliza nafanyaje mpaka mwili haujanikataa. Nikiwajibu kwamba nilianzia kwenye pasi, wanashangaa.

Chukua jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa, kisha hilo jipya lifunge hapo. Kujiwekea saa hakudumu, maana mteja mmoja akichelewa ratiba yote imevurugika. Mimi pasi nimeiweka ukuta wa pili, mbali na cherehani. Mshono ukishapita lazima upigwe pasi kabla ya kuunga kipande kingine, kwa hiyo nainuka nikitaka nisitake. Nikifika pale nanyoosha mgongo, nazungusha mabega, nakunywa maji. Jagi linakaa dirishani palepale, kamwe si kwenye meza ya kukatia, kwa sababu satini ikidondokewa na maji inabaki na doa. Wewe una duka? Bidhaa inayotoka sana ipange rafu ya mbali na kiti chako. Mwalimu anaweza kusahihisha rundo moja la madaftari akiwa amesimama.

Sukari ndiyo ngumu, na wengi wanaharibu kwa haraka. Mtu wa vijiko vitatu anaamka Jumatatu anatangaza kwamba leo chai ni bila sukari kabisa, na kabla ya Ijumaa amesharudi kwenye vitatu. Pima kwanza. Kijiko cha chai kilichofutwa juu ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ni bora zaidi ikishuka hadi 25, yaani vijiko sita. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vimeshafika hapo, na soda hujaigusa.

Basi punguza nusu kijiko, ubaki hapo mpaka ulimi uzoee, ndipo upunguze nusu nyingine. Iliki na tangawizi ziponde, uzitie maji yakiwa bado ya baridi, zichemke pamoja na mchaichai. Harufu ikijaa kikombeni, utamu hautafutwi sana. La muhimu kuliko yote: usitie sukari kwenye birika. Chai iende mezani bila sukari, kila mtu atie kikombeni mwake. Chai ikishatiwa sukari jikoni, nyumba nzima inakunywa kwa kipimo cha yule apendaye utamu kuliko wote, watoto wakiwemo.

Chumvi nayo iondoke mezani, mahali pake paweke ndimu na pilipili. Kipimo cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu pia viungo vya paketi na vidonge vya supu. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Mwenye dawa za presha au za sukari aendelee nazo kama alivyoelekezwa kliniki. Haya hayachukui nafasi ya dawa.

Kutembea nimekufunga kwenye mboga. Nikishaswali Alasiri naenda kwa miguu kununua matembele au mchicha wa siku hiyo, na nachagua njia ndefu. Dakika 30 kwa siku tano zinatimiza zile 150 za wiki zinazoshauriwa. Mwendo uwe wa haraka kiasi kwamba kuzungumza unaweza, kuimba huwezi.

Halafu zinakuja siku zinazovunja kila kitu. Kwangu ni kumi la mwisho la Ramadhani, oda za Idi zimejaa mpaka mlangoni. Kwa siku kama hizo weka kiwango cha chini kabisa mapema, kabla hazijafika. Changu ni kuinuka kwenda kwenye pasi, na birika lisilo na sukari. Matembezi nayaacha bila kujilaumu. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, wakakuta kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kushika, ila wengine walihitaji 18 tu na wengine ilikadiriwa watafika 254. Kwa hiyo usijilinganishe na jirani aliyezoea ndani ya wiki tatu.

Oda zikishachukuliwa na Idi ikapita, matembezi ndiyo nayarudisha kwanza, hata kama siku hiyo ni kufika kwa muuza mboga wa karibu na kurudi. Njia ndefu nairudia wiki inayofuata.