Somo: Asubha, kuutazama mwili sehemu kwa sehemu

Ndugu zangu, leo tunaanza asubha, tafakuri ya Kibudha ya kuutazama mwili kwa upande wake usiovutia. Wengi wakisikia hivyo hudhani tunafundishwa kujichukia. Sivyo. Hii ni dawa ya tamaa, na dawa ina kipimo chake.

Hatua ya 1. Kaa, tulia, fuata pumzi kama dakika 10. Ukiwa na hasira au huzuni nzito siku hiyo, ishia hapo.

Hatua ya 2. Taja tano tu: nywele, malaika (vinyweleo vya mwilini), kucha, meno, ngozi. Ndizo anazofundishwa mtawa mchanga siku ya kunyolewa, kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha: kesa, loma, nakha, danta, tacho. Zitaje kwa sauti, kisha zirudi kinyumenyume: ngozi, meno, kucha, malaika, nywele. Usikimbie, usijikokote. Orodha kamili ina sehemu 32, ila nakusihi usiwe na pupa nayo. Tukimsifu mtu kwa uzuri, mara nyingi ni hizi tano tunazozisifu.

Hatua ya 3. Shika moja. Itazame rangi yake, umbo lake, ilipo mwilini, inapoanzia na inapokomea. Chukua unywele. Ukiwa kichwani tunausuka, tunaupaka mafuta, tunauonea fahari. Ukidondoka ukanata kwenye sabuni iliyolowa, unaubandua kwa ncha za kucha huku uso umekunjamana. Unywele ni uleule! Kilichobadilika ni mahali tu. Basi ule uzuri ulikuwa wapi? Kaa na swali hilo. Mimi nilikaa na nywele peke yake wiki tatu.

Hatua ya 4. Ukizoea, ingia ndani: mifupa, figo, ini, bandama, nyongo, kohozi. Buddha aliufananisha mwili na mfuko wenye midomo miwili, uliojaa nafaka. Mwenye macho anaufungua na kusema: huu mpunga, hizi choroko, huu ufuta. Hatemi mate wala hageuzi uso. Taja ini kwa utulivu huohuo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Siku hizi nikijitazama kwenye kioo najichukia. Niendelee?

Jibu: Hapana, acha leo hii. Maandiko ya Kipali yanasimulia watawa wa Vesali, mji wa kale wa India, waliozama katika asubha mpaka wakauchukia mwili, wengine wakajiua. Buddha alipotoka faraghani akawafundisha waliobaki kufuata pumzi. Nawe rudi kwenye pumzi, na kwenye metta, kujitakia mema. Mwenye mawazo ya kujidhuru, au anayejinyima chakula kwa kuuchukia mwili wake, asifanye somo hili, amwone daktari.

Swali: Nina mke. Si nitamchoka?

Jibu: Tafakari mwili wako, si wake. Nami nina ndoa. Nilichokiona ni macho kupunguza kuhangaika njiani. Nyumbani tunapendana kama zamani.

Swali: Vipi picha za maiti?

Jibu: Satipatthana, fundisho la Buddha juu ya uzingativu, inataja hatua tisa za maiti kuoza, tangu kuvimba hadi mifupa kuwa vumbi. Hizo zingoje mwalimu aliye karibu nawe. Usizitafute mtandaoni usiku ukiwa peke yako.

Swali: Nikipotea katikati ya kutaja?

Jibu: Anza tena kwenye nywele.