Jinsi ya kujaribu na kuchagua programu ya kutengeneza masomo ya mtandaoni

Natengeneza masomo ya mtandaoni kwa watumishi wa afya, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni moja: "Nichukue programu ipi?" Chukua ile itakayofaulu kwenye simu ya mwanafunzi wako. Maonyesho ya muuzaji hufanyika kwenye kompyuta kubwa yenye intaneti ya kasi, kwa hiyo hayawezi kukuambia hilo. Itakubidi ujaribu mwenyewe.

Hatua ya 1: Andaa somo dogo kabla ya kujisajili

Muda wa majaribio ya bure huanza kuhesabiwa siku unapofungua akaunti, na wengi huumaliza wakitafuta picha. Kwa hiyo kusanya kila kitu mapema: maandishi, picha mbili tatu, sauti, video ya dakika moja na maswali.

Mimi hutumia somo la kuchanganya ORS, yaani dawa ya chumvi na sukari ya kumpa mgonjwa wa kuhara: pakiti ya lita moja ndani ya lita moja ya maji safi na salama, kisha zinki kwa siku 10 hadi 14. Lina zoezi la kupanga hatua kwa mfuatano, swali la kuchagua jibu na swali la kujaza nafasi. Naongeza pia swali moja ambalo jibu lake ni "ng'ombe", ingawa halihusiani kabisa na kuhara. Sababu utaiona katika hatua ya 3.

Somo hilohilo, bila kubadilisha neno, ndilo utakalolitengeneza katika kila programu. Vinginevyo utajikuta unalinganisha masomo badala ya programu.

Hatua ya 2: Chagua tatu tu

Articulate 360, yenye Storyline na Rise ndani yake, ina uwezo mkubwa, lakini leseni ya mtu mmoja huzidi dola 1,000 kwa mwaka. iSpring Suite hukaa ndani ya PowerPoint, kwa hiyo aliyezoea slaidi haanzi upya. Storyline na iSpring Suite zote zinahitaji Windows. Rise hufanya kazi kwenye kivinjari. H5P na eXeLearning ni programu huria na hazilipiwi. H5P imo ndani ya Moodle, jukwaa ambalo taasisi nyingi hutumia kuendesha masomo mtandaoni, na kwa programu ya Lumi unaweza kuandaa mazoezi yake kwenye kompyuta bila intaneti.

Katika tatu zako, moja iwe ya bure. Nasisitiza hili hata kwa taasisi zenye bajeti nzuri, maana bila hiyo hutajua fedha unazotoa zinakununulia nini hasa.

Hatua ya 3: Tengeneza, ukiangalia Kiswahili

Tafuta sehemu ya kubadilisha maneno ya vitufe. Somo la Kiswahili lenye vitufe vya Kiingereza humkwamisha mwanafunzi pale pale anapotakiwa kutuma jibu. Storyline na H5P zote zinakuruhusu kuyaandika upya; hakikisha kwa nyingine.

Sasa lile swali la "ng'ombe". Baadhi ya simu huweka alama ya ritifaa (ile iliyo kati ya "ng" na "o") iliyopinda, na nyingine iliyonyooka. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi itamkosesha mwanafunzi aliyejibu sawa. Jibu swali hilo kwa alama zote mbili. Moja ikikataliwa, angalia kama programu inakuruhusu kuingiza majibu mawili sahihi.

Hatua ya 4: Lifungue kwenye simu ya bei nafuu

Hii ndiyo hatua inayoamua, usiiharakishe. Azima simu inayofanana na za wanafunzi wako, zima Wi-Fi, tumia bando, na uishike wima kama watu wanavyoishika.

Slaidi za Storyline kwa kawaida hupunguzwa zima zima ili zienee kwenye kioo, hivyo maandishi yaliyosomeka vizuri kwenye kompyuta huwa madogo mno. Rise hupanga upya maandishi kufuata upana wa kioo. Jaribu lile zoezi la kupanga hatua: je, kidole kinakamata kisanduku, au ukurasa wote unateleza? Kisha angalia MB zilizotumika kabla na baada ya somo. Bando analipa mwanafunzi.

Kama mnatumia Moodle, jaribu pia programu yake ya simu. Mwanafunzi anaweza kupakua mazoezi ya H5P akiwa kwenye Wi-Fi na kuyafanya baadaye bila intaneti, mradi msimamizi ameruhusu upakuaji.

Hatua ya 5: Toa kifurushi cha SCORM

SCORM ni muundo wa pamoja wa kufungasha somo ili jukwaa la masomo liweze kulifungua na kupokea alama. Pakia kifurushi hicho kwenye jukwaa lenu halisi. Fanya nusu ya somo, funga, rudi. Linakurudisha ulipoishia? Alama zimefika kwa mwalimu? SCORM 1.2 ina nafasi ya herufi 4,096 tu za kukumbuka maendeleo ya mwanafunzi, na somo refu lenye maswali mengi linaweza kuijaza. Ikijaa, kumbukumbu ya alipoishia inaweza kupotea. Kwa hiyo rudufu slaidi zako hadi somo lifikie urefu wa masomo yenu ya kawaida, kisha rudia.

Hatua ya 6: Uliza utabaki na nini leseni ikiisha

Faili la H5P unaweza kulipakua na kulifungua kwenye jukwaa jingine ukaendelea kulihariri. Masomo ya Rise hukaa kwenye akaunti ya mtandaoni: vifurushi ulivyokwisha kutoa vitaendelea kufanya kazi, lakini kurekebisha kutahitaji usajili hai. Kwa Storyline, tunza faili asilia. Kifurushi kilichotolewa hakirudi kuwa slaidi za kuhariri. Miongozo ya tiba hubadilika, na somo la afya usiloweza kulirekebisha ni hatari kwa mgonjwa.

Kwa walio kwenye Moodle na wanafunzi wa simu, huwa napendekeza kuanza na H5P, na kulipia Storyline pale tu mnapohitaji maigizo marefu ya maamuzi, kwa mfano mhudumu anayemkagua mtoto na kila jibu kumpeleka njia tofauti. Kabla ya kulipa, mwombe mwenzako atakayeshika kazi ukiwa likizo afungue somo lako na abadilishe swali moja bila msaada wako.