Somo: Kusoma ufunguo wa alto kwa wapigaji wa viola, pamoja na maneno machache kwa wenye chelo na kontrabasi

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu swali lile lile kutoka kwa watu waliozoea fidla, wakashika viola (ala kama fidla, ila kubwa na ya sauti nzito zaidi), kisha wakaona noti walizozijua zimekuwa ngeni. Kuanzia sasa nitamwelekeza kila muulizaji hapa, na kwa sababu hiyo nimeandika kwa ukamilifu kadiri nilivyoweza.

Hatua ya 1. Tazama alama ya ufunguo, ile iliyo mwanzoni mwa mistari mitano inayoonyesha noti ziitwaje, kabla ya kutazama noti yoyote.

Hatua ya 2. Tambua mstari unaoelekezwa na alama hiyo. Funguo zote tatu zilianza kama herufi zilizoandikwa kwa mkono, yaani G, F na C. Ufunguo wa G, tunaouita trebo, huzungusha kitanzi chake kwenye mstari wa pili kutoka chini, na mstari huo ni G. Ufunguo wa F, yaani besi, huweka vitone viwili juu na chini ya mstari wa nne, na huo ni F. Ufunguo wa C una matao mawili, na mstari unaopita pale yanapokutana ni C ya kati. Huu wa tatu huhama: ukikaa kwenye mstari wa tatu huitwa alto, na ukikaa kwenye mstari wa nne huitwa teno.

Hatua ya 3. Kariri mahali pa nyuzi nne za viola katika ufunguo wa alto. C, uzi mnene kuliko wote, huning'inia chini ya mstari mmoja wa ziada ulio chini ya mistari mitano. G hukaa katika nafasi ya kwanza, D katika nafasi ya tatu, na A hukaa juu ya mstari wa tano ikiugusa. Ukiongeza C ya kati iliyo kwenye mstari wa tatu, una nguzo tano za kutegemea.

Hatua ya 4. Soma noti kwa jina lake, usiisome kwa kidole. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna mbinu inayopendwa na wapigaji wa fidla: unajifanya unasoma trebo ukiwa katika pozisheni (mahali mkono unapokaa kwenye shingo ya ala) ya tatu ya fidla, kisha unaweka kidole hicho hicho kwenye viola katika pozisheni ya kwanza. Noti ya mstari wa katikati ingekuwa B katika trebo, nayo hupigwa kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa pili kutoka ule mnene. Kwenye viola kidole hicho huangukia C, ambayo ndiyo noti iliyoandikwa. Nilifurahia mbinu hiyo kwa miezi kadhaa, hadi nilipopewa wimbo usio na shapu (alama ya kupandisha noti nusu toni) wala flati (alama ya kuishusha nusu toni). Kwenye fidla, kutoka kidole cha kwanza, yaani G, hadi B ni toni mbili kamili, ilhali kwenye viola kutoka A hadi C ni toni moja na nusu. Mkono wangu uliokuwa ukiifikiria B ulitoa C shapu, na kila ilipotakiwa F nilitoa F shapu, huku chelo pembeni yangu ikipiga noti sahihi. Tahadhari ya kwanza: mbinu hii hukuingizia shapu mbili zisizoandikwa. Tahadhari ya pili: ukihamia pozisheni nyingine, inakuacha bila msaada wowote, kwa kuwa hukuwahi kujifunza majina. Tahadhari ya tatu: kuiacha baada ya kuizoea ni kazi kubwa kuliko kujifunza ufunguo wa alto tangu mwanzo.

Hatua ya 5. Angalia mabadiliko ya ufunguo katikati ya wimbo. Viola inapopanda juu sana huandikwa kwa trebo, na ukiendelea kusoma alto utapiga kila noti chini kwa kiasi cha noti saba.

Hatua ya 6. Kila siku soma mistari michache kwa sauti, bila ala mkononi, ukitaja majina.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Noti ya mstari wa katikati inaitwaje?

Jibu: Imeandikwa katika hatua ya 2, ya 3 na ya 4. Tafadhali soma somo lote.

Swali: Mwalimu, naomba kuelewa sababu. Kwa nini viola isiandikwe kwa trebo au besi, ili sote tusome funguo mbili tu?

Jibu: Nashukuru kwa swali hili, ndugu. Chukua karatasi ujaribu mwenyewe. Uzi wa C wa viola ukiandikwa kwa trebo unahitaji mistari minne ya ziada chini, na uzi wa A ukiandikwa kwa besi unahitaji mitatu juu. Kwa alto, nyuzi zote nne zinaenea kwa kuongeza mstari mmoja tu. Ufunguo huu ulichaguliwa kwa sababu sauti ya viola inakaa katikati, na jicho hupumzika noti zinapokaa ndani ya mistari mitano.

Swali: Mimi natumia mbinu ya pozisheni ya tatu na sijawahi kukosea. Naona unawatisha watu.

Jibu: Sijamtisha mtu, nimeeleza kilichonipata na sababu yake ya kimuziki. Wimbo wenye shapu mbili utakwenda vizuri kwa mbinu hiyo, kwa sababu F shapu na C shapu ndizo zinazotakiwa. Jaribu wimbo wenye flati tatu ndipo tuendelee kuzungumza.

Swali: Napiga chelo na nimekutana na teno kwa mara ya kwanza. Je, kwangu pia njia za mkato ni hatari?

Jibu: Kwako hatari ni ndogo, dada. Noti ya teno iko juu ya noti ya besi ya mahali pale pale kwa umbali ule ule uliopo kati ya nyuzi zako. Kwa hiyo unaweza kusoma besi na kupiga kwenye uzi unaofuata kwa juu: mstari wa katikati, ambao katika besi ni uzi wa D, katika teno ni uzi wa A. Noti moja tu inahitaji uangalifu: panapoonekana B ya besi pana F, kwa hiyo kidole kishuke nusu toni isipokuwa F hiyo ina shapu. Hata hivyo jifunze majina pia. Jambo jingine: katika baadhi ya chapa za karne ya 19, zikiwamo za kazi za Dvořák, chelo iliyoandikwa kwa trebo hupigwa oktava moja chini (yaani kwenye noti ya jina lile lile inayofuata kwa chini). Ukiona wimbo unaruka juu ghafla pale ufunguo unapobadilika, linganisha na ala nyingine.

Swali: Na kontrabasi?

Jibu: Inasoma besi, nayo hulia oktava moja chini ya kilichoandikwa. Nyuzi ni E kwenye mstari wa kwanza wa ziada chini, A nafasi ya kwanza, D mstari wa tatu, G nafasi ya nne.

Mchango wa mwanachama: Mimi huzungushia kwa penseli kila ufunguo mpya, na mwishoni mwa mstari uliotangulia naandika jina la noti ya kwanza itakayofuata.

Jibu: Nami nitaanza kufanya hivyo. Tumia penseli laini, maana nakala huazimwa na wengine.