Mashine ya majani ya kusukuma kwa mkono: namna ya kuichagua kwa bustani ndogo

Mashine ya kusukuma, ile yenye visu vilivyojipinda kuzunguka roli, haili petroli wala umeme. Hukata kama mkasi: visu vya roli vinapita juu ya kisu kimoja kilichotulia chini, na jani linakatika katikati. Fyekeo na mashine za petroli zenye kisu bapa hulipiga jani, na kisu kikiwa butu ncha huchanika na kugeuka kahawia baada ya siku mbili tatu. Kwa bustani ya hadi mita za mraba 200 sioni sababu ya kununua injini.

Hatua ya 1: Tambua majani yako

Ukoka, wenye vijiti vyembamba, hupendeza ukikatwa mfupi, sentimita 2 hadi 3. Hapo tafuta roli yenye visu 6 au 7. Ukikata chini kwa visu 4, bustani hubaki na mawimbi, kwa sababu kisu kinachofuata kinafika umeshasogea mbele.

Kikuyu ni habari nyingine. Inapenda ubaridi wa juu, kwa hiyo Arusha, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, inajaa haraka kuliko Moshi mjini. Vijiti vyake ni vinene na hulaliana kama godoro. Ukiikata chini sana unaondoa kijani chote na kubaki na vijiti vya kahawia. Iache sentimita 4 hadi 5. Visu 5 vinatosha, ila mashine iwe nzito. Ile ya kilo 7 itarukaruka juu ya godoro hilo. Tena soma kipimo cha kimo kabla ya kulipa: mashine nyingi zinaishia sentimita 4, na kwa kikuyu hizo hazikufai.

Hatua ya 2: Upana

Sentimita 38 hadi 40. Kwa kipande cha mita 10 kwa 12, ukipishanisha mistari kidogo, unatembea kama mita 360 tu. Chukua ya 30 kama una vinjia kati ya maua.

Hatua ya 3: Jaribio la gazeti

Hapa ndipo pesa hupotea, hasa kwa mashine ya mtumba. Rangi na mpini visikushughulishe. Vaa glavu, ilaze mashine chali, kata vipande vya gazeti vya upana wa vidole viwili. Weka kipande juu ya kisu cha chini, kisha zungusha roli polepole kwa kijiti, si kwa vidole. Rudia kushoto, katikati na kulia, kwa kila kisu. Weka alama ya chaki kwenye kisu cha kwanza usije ukapoteza hesabu.

Karatasi ikikatika safi kila mahali, nunua. Ikikatika upande mmoja na kukunjika upande wa pili, kisu cha chini kimekaa upande. Hilo hurekebishwa kwa skrubu. Kisu kimoja tu kikiruka, kiligonga jiwe; kikwaruze kwa tupa pale kilipovimba. Lakini ikikatika pembeni zote mbili na kukataa katikati, kisu cha chini kimepinda au roli imelika. Skrubu haziponyi hilo. Iache.

Kuhusu skrubu: usinunue mashine isiyo na za kurekebisha kisu cha chini pande zote mbili. Nyingi zina skrubu mbili kila upande, moja inasukuma kisu na nyingine inakizuia. Lazima ulegeze moja kabla ya kukaza ya pili. Anayekaza bila kulegeza huona kisu hakisogei, anaongeza nguvu, na mwishowe anaua uzi. Kaza nusu ya robo mzunguko, jaribu gazeti, ndipo uhamie upande wa pili. Roli ikianza kukwaruza kwa sauti na kuwa nzito, umepitiliza, rudi nyuma. Kama zimeshika kutu, mwagia oili ulale nazo hadi kesho.

Kuna aina ambazo visu havigusani kabisa na huzunguka kimya. Hizo jaribu kwa karatasi ya daftari, na ikikatika nusunusu si kasoro.

Roli butu isipelekwe kwa mnoaji wa visu wa baiskeli, hata awe hodari namna gani. Jiwe lake hula kisu kimoja zaidi ya kingine, na roli haitakuwa duara tena. Njia yake ni kupaka ile dawa ya chengachenga ambayo mafundi wa injini husagia valvu, kuzungusha roli kinyumenyume, kisha kufuta yote kwa mafuta ya taa.

Hatua ya 4: Magurudumu

Sukuma mbele: roli izunguke. Vuta nyuma: usikie tik-tik, roli itulie. Ikiteleza ukisukuma, vidole vya chuma ndani ya gurudumu vimelika, au mtu alivifungua akavirudisha kinyume. Ukifungua mwenyewe, fungua upande mmoja kwanza, kwa sababu cha kushoto hakikai kulia.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Okota mawe, vijiti na maganda ya jakaranda. Ganda moja gumu linatosha kukwamisha roli. Usikate majani yakiwa na umande. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, pita kila siku ya nne au ya tano. Yakishazidi sentimita 10 roli inayalaza badala ya kuyakata, kwa hiyo fyeka kwanza, yaache siku mbili yasimame, ndipo upitishe mashine ikiwa kwenye kimo cha juu kabisa.