Siku ya Kwanza ya Kupanda Mlima Nkungwe

Wengi wetu hapa Kigoma tumesikia habari za kupanda milima kutoka kwa watu waliofika Kilimanjaro, na ndiyo maana anayejiandaa kwenda Nkungwe huanza kuuliza habari za theluji na upungufu wa hewa. Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho watu wengi hawasumbuliwi na ugonjwa wa mwinuko. Kinachowaangusha watu siku ya kwanza ni joto na kiu. Safari huanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo mpaka kileleni kuna karibu mita 1,700 za kupanda, na sehemu yake yenye hewa nzito na jasho jingi huangukia siku ambayo mwili bado haujazoea.

Ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari. Kutoka mjini watu wengi huenda kwa boti, zaidi ya kilomita 120 kuelekea kusini, na ni vyema ufike siku moja kabla, kwa kuwa jua la ziwani humchosha mtu hata akiwa ameketi. Vibali na malipo yakamilishe siku hiyo hiyo. Utapanda pamoja na askari wa uhifadhi mwenye silaha, kwa sababu nyati na chui wapo, na yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mwendo na mapumziko. Chagua miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, kwani masika njia huteleza mno.

Jambo la pili la kuzingatia ni saa. Kwetu huku magharibi jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na kwa kuwa milima ya Mahale iko upande wa mashariki mwa ufukwe, miteremko inayotazama ziwa hubaki kivulini kwa muda zaidi hata baada ya hapo. Kivuli hicho ni mali. Anza kutembea mara tu kunapopambazuka kiasi cha kuona mahali pa kukanyaga, kwa maana jua likishavuka mgongo wa mlima, na hasa kuanzia saa nane mchana linapoelekea ziwani, litakuwa linakupiga moja kwa moja. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walianza mwendo alfajiri wakatua mizigo kabla jua halijawa kali, na sijaona sababu ya sisi kufanya vingine.

Kuhusu maji, naomba nisikilizwe vizuri. Mara yangu ya kwanza nilibeba lita mbili tu, nikiamini kwamba msituni kuna ubaridi. Kabla ya saa sita mchana chupa zote zilikuwa tupu, shati lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, na misuli ya paja ikakaza hata nikashindwa kuinua mguu kuvuka gogo lililolala njiani. Askari aliniambia, "Dada, kaa kwanza, unywe kidogo kidogo," akanipa maji yake yaliyotiwa chumvi na sukari. Tangu siku hiyo hubeba lita nne, na moja kati ya hizo naichanganya mwenyewe usiku: vijiko sita vya chai vya sukari, visizidi ukingo, na nusu kijiko cha chai cha chumvi ya Uvinza, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Kunywa mafunda machache kila baada ya nusu saa bila kungoja kiu, na mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, simama upumzike. Karanga, mihogo ya kuchemsha na dagaa waliokaangwa wakakauka vinatosha kwa chakula cha njiani.

Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, kwa ajili ya upupu na mbung'o, ukiepuka rangi nyeusi na buluu iliyokoza ambazo mbung'o huzifuata. Buti zisiwe mpya. Zitembelee kwa wiki kadhaa mjini, kata kucha za vidole vya miguu, na ukihisi kisigino kinaanza kuwaka, vua kiatu papo hapo ubandike plasta, maana lengelenge likishapasuka ndani ya soksi yenye jasho utaumia mpaka siku ya kushuka.

Njiani mnaweza kukutana na sokwe, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwachunguza Mahale tangu 1965. Sokwe huambukizwa mafua yetu na hufa kwayo. Kwa hiyo barakoa iwe mfukoni daima, kaeni umbali wa mita 10 au zaidi, na mwenye kikohozi aahirishe safari, hata kama ameshalipa.

Mkifika kambini, badilisha nguo zenye jasho kabla hujapoa, kwani joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 za kupanda, na shati lililolowa litakutetemesha usiku. Osha miguu, ikaushe vizuri katikati ya vidole, na ukague kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Hema lisipigwe kwenye njia ya siafu; mulika ardhi kwa tochi kabla ya kutandika. Usiku usio na mbalamwezi, mahali miti inapoachana, unaweza kuona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mbali ziwani. Ingiza buti ndani ya hema, ufunge zipu, na asubuhi uzikung'ute kabla ya kuzivaa.